Almasi ya Pete ya Uchumba: Namna ya Kupata Thamani Halisi kwa Bajeti Ndogo

Ziko bidhaa ambazo mlaji huzinunua kila wiki, na ziko zile anazozinunua mara moja tu katika maisha yake. Anayenunua mchele sokoni anaujua mchele: huushika, huunusa, hukumbuka bei ya wiki iliyopita, na akipunjwa leo, kesho huhamia kwa muuzaji mwingine. Anayenunua almasi ya pete ya uchumba hana kinga hiyo. Mara nyingi ndiyo mara yake ya kwanza kuishika almasi mkononi, muuzaji aliye mbele yake ameshaziuza mamia, na fedha iliyo mfukoni ni akiba ya miezi au miaka. Zaidi ya hayo, ananunua akiwa na furaha, na furaha si mshauri mzuri wa bei.

Sehemu hii ya kijitabu imeandikwa kwa ajili ya mnunuzi wa namna hiyo, mwenye kipato cha kawaida, anayetaka almasi ya kweli na nzuri bila kuanza ndoa na deni. Ushauri wetu wote unasimama juu ya kanuni moja: lipia kile ambacho jicho linakiona, na kile ambacho jicho haliwezi kukithibitisha kidai kwa maandishi. Sehemu kubwa ya fedha inayopotea katika ununuzi wa almasi hupotea kwa sababu ya kuvunja moja ya nusu mbili za kanuni hii.

Anza na bajeti kabla ya duka

Amua kiasi utakachotumia kabla ya kuingia dukani, ukiandike, na usikitaje mpaka umeoneshwa vito kadhaa na bei zake. Muuzaji anayekijua kiwango chako cha juu hana sababu ya kukuonesha kitu cha chini ya hapo.

Wengi huuliza pete "inapaswa" kugharimu kiasi gani. Jibu ni kwamba hakuna kiwango. Fikra kwamba mwanamume atumie mishahara ya miezi miwili haikutoka katika sheria, dini wala mila zetu. Ilienezwa na matangazo ya biashara ya kampuni ya almasi ya De Beers, hususan katika miaka ya 1980 nchini Marekani. Tangazo ni haki ya mfanyabiashara, lakini si wajibu wa mlaji. Hapa kwetu mchumba tayari ana mahari, posa na gharama za sherehe za kufikiria, na pete lazima iingie ndani ya hesabu hiyo yote, si juu yake.

Bajeti ya pete ina sehemu tatu: kito chenyewe, madini ya pete, na kazi ya sonara. Mnunuzi anayetumia fedha yote kwa kito hujikuta akikopa ili kukamilisha pete. Omba bei ya kila sehemu peke yake, hata kama duka linauza pete iliyokwisha kutengenezwa.

Pia usiichukulie pete hii kuwa kitega uchumi. Bei ya rejareja hubeba faida ya muuzaji, ya msambazaji na kodi, na anayeirudisha sokoni kesho yake kwa kawaida hupata kiasi kidogo sana kuliko alicholipa. Muuzaji anayekushawishi kupandisha bajeti kwa hoja kwamba "almasi haishuki bei" anakupa sababu isiyo ya kweli.

Sifa nne zinazopanga bei

Almasi hupimwa kwa sifa nne: uzito, mchongo, rangi na usafi. Kila moja hupandisha au kushusha bei, lakini hazilingani katika mambo zinayoyafanya machoni pa mtazamaji. Hapo ndipo mwenye bajeti ndogo anapopata nafasi yake.

Uzito hupimwa kwa karati. Karati moja ni sawa na gramu 0.2, yaani karati tano hufanya gramu moja. Neno hilihili hutumika pia kwa dhahabu, lakini huko humaanisha kiwango cha usafi wa madini. Pete ya "karati 18" inaweza kuwa na almasi ya karati 0.3, na hakuna mgongano wowote. Hakikisha wewe na muuzaji mnazungumzia kitu kimoja.

Bei ya karati haipandi kwa mstari ulionyooka. Inapofika kwenye uzito unaopendwa, kama 0.50 na 1.00, inaruka, kwa sababu wanunuzi wengi huutaka uzito huo kwa jina lake. Almasi ya mviringo ya karati 1.00 iliyochongwa vizuri ina kipenyo cha takriban milimita 6.4, na ya karati 0.90 takriban milimita 6.2. Hakuna mgeni katika sherehe atakayeitambua tofauti hiyo, lakini mlipaji ataitambua. Kwa hiyo tafuta vito vilivyo chini kidogo ya uzito unaopendwa, kama 0.45 badala ya 0.50. Kumbuka pia kwamba uzito ukiongezeka mara mbili, upana hauongezeki mara mbili: almasi ya karati 0.50 ina kipenyo cha takriban milimita 5.1, na ya karati 1.00, iliyo na uzito maradufu, imeizidi kwa milimita 1.3 tu.

Jihadhari vilevile na maneno "uzito wa jumla". Pete yenye almasi ndogo 20 zinazofikia karati moja kwa pamoja si pete ya almasi ya karati moja. Kito kimoja kikubwa ni adimu kuliko vidogo vingi vya uzito uleule, na bei hufuata uadimu.

Mchongo ndiyo sifa pekee kati ya nne inayotokana na mkono wa binadamu, na ndiyo yenye nguvu kuliko zote juu ya mng'aro. Almasi ya mviringo huwa na nyuso 57 au 58 zilizosuguliwa kwa pembe maalumu. Pembe zikiwa sahihi, nuru inayoingia juu huzunguka ndani na kurudi machoni. Kito kikiwa na kina kirefu mno au kifupi mno, nuru hutorokea chini na pembeni, na almasi huonekana imefifia katikati hata ikiwa safi na nyeupe kiasi gani.

Kwa nini basi mtu achonge vibaya? Kwa sababu uchongaji hula uzito, na uzito ndio unaouzwa. Historia ya nchi yetu ina mfano ulio wazi. Almasi ya waridi iliyopatikana Mwadui, mkoani Shinyanga, na ambayo mwenye mgodi John Williamson alimzawadia Elizabeth wa Uingereza katika mwaka wa ndoa yake, 1947, ilikuwa na karati 54.5 ikiwa ghafi. Baada ya kuchongwa ilibaki na karati 23.6. Zaidi ya nusu ya uzito ilitolewa ili kito kipate umbo lake. Mchongaji wa vito vya biashara hukabiliwa na uamuzi huohuo kila siku, na wapo wanaoamua kubakisha uzito chini ya kito, mahali ambapo haumfaidii anayekivaa.

Taasisi ya Jemolojia ya Marekani, inayojulikana kwa kifupi kama GIA, huipa almasi ya mviringo moja ya madaraja matano ya mchongo: Excellent, Very Good, Good, Fair na Poor. Ushauri wetu ni kutoshuka chini ya Very Good. Ukihitaji kupunguza gharama, punguza kwingine.

Rangi hupangwa kwa herufi kuanzia D, isiyo na rangi kabisa, hadi Z, yenye manjano au kahawia inayoonekana dhahiri. D, E na F hulipiwa ghali kwa uadimu wake. G, H, I na J huitwa karibu zisizo na rangi, na zikishavikwa peteni mtu asiye mtaalamu hupata shida kuzitofautisha na za juu yake. Kwa dhahabu nyeupe au platinamu, G au H inatosha. Kwa dhahabu ya njano, ambayo ndiyo masonara wetu wengi huifanyia kazi, hata J au K huonekana vizuri, kwa sababu rangi ya madini humezea manjano kidogo iliyomo ndani ya kito. Anayenunua D ili aiweke kwenye dhahabu ya njano amelipia weupe na kisha kuufunika.

Usafi unahusu dosari ndogo za ndani na za juu ya kito, zinazoangaliwa kwa lenzi inayokuza mara 10. Madaraja huanza na FL na IF, yasiyo na dosari za ndani, hufuatiwa na VVS1 na VVS2, kisha VS1 na VS2, kisha SI1 na SI2, na kuishia na I1 hadi I3, ambako dosari huweza kuonekana kwa macho matupu. Kwa vito vya ukubwa wa kawaida wa pete ya uchumba, VS2 na SI1 nyingi huwa safi kwa jicho. Kupanda kutoka hapo hadi VVS ni kulipia tofauti ambayo bibi harusi hataiona asipobeba lenzi. Hata hivyo angalia mahali dosari ilipo: iliyo pembeni huweza kufunikwa na kucha ya pete, lakini ufa unaofika juu au ulio karibu na ukingo unaweza kudhoofisha kito. Kuwa na uangalifu zaidi unapochagua umbo la mstatili lenye nyuso pana, kwa kuwa hilo huonesha dosari haraka kuliko mviringo.

Ukikubali umbo lisilo la mviringo, kama yai au tone la maji, mara nyingi utapata bei nafuu kwa kila karati, na baadhi ya maumbo hayo huonekana makubwa kuliko uzito wake. Lakini hapo usitegemee daraja la mchongo pekee. Kitazame kito chini ya taa ya kawaida na karibu na dirisha, mbali na taa kali za dukani, na uangalie kama kuna kivuli cheusi kinachokatiza katikati.

Mfano wa almasi mbili

Chukulia kwamba muuzaji ameweka mbele yako almasi mbili za mviringo kwa bei moja. Ya kwanza ina karati 0.70, rangi F, usafi VVS2, mchongo Fair, na kipenyo cha milimita 5.5. Ya pili ina karati 0.62, rangi H, usafi SI1, mchongo Excellent, na kipenyo cha milimita 5.5.

Kwa maandishi ya kibandiko, ya kwanza inashinda katika sifa tatu kati ya nne, na muuzaji atasema hivyo. Lakini tazama vipenyo: vinalingana. Karati 0.08 zilizozidi katika kito cha kwanza zimejificha katika kina chake, na kina hichohicho ndicho kinachopoteza nuru. Tofauti ya F na H haitaonekana kidoleni, hasa kwenye dhahabu ya njano. Tofauti ya VVS2 na SI1, ikiwa SI1 hiyo ni safi kwa jicho, itaonekana kwa lenzi tu. Kinachobaki ni mng'aro, na huo unaonekana kutoka upande wa pili wa meza. Anayechagua ya pili ananunua kitu bora cha kuvaliwa, na anayechagua ya kwanza ananunua orodha ya sifa.

Funzo lake ni kwamba kipimo cha milimita kiulizwe kila mara pamoja na uzito. Muuzaji mwaminifu anacho, au atakipima mbele yako.

Cheti: ushahidi usiotegemea neno la muuzaji

Hakuna mnunuzi wa kawaida anayeweza kwa macho kutofautisha G na I, au almasi ya asili na iliyokuzwa maabara. Ndiyo maana kito chenye thamani kubwa kinapaswa kuja na ripoti ya maabara huru, yaani maabara isiyonunua wala kuuza kito hicho. Karatasi iliyochapishwa na duka lenyewe, hata ikiwa na muhuri wa dhahabu, ni maelezo ya muuzaji tu. Vivyo hivyo makadirio ya thamani kwa ajili ya bima si ripoti ya ubora, na mara nyingi huandikwa kwa kiwango cha juu kuliko bei ya soko.

Ripoti ina namba. Ripoti za GIA huhakikiwa bila malipo kwa kuingiza namba hiyo kwenye tovuti yake. Fanya hivyo wewe mwenyewe, kwa simu yako, na ulinganishe uzito, vipimo na madaraja na yale yaliyo mikononi mwako. Vito vingi huwa na namba hiyo imechorwa kwa leza kwenye ukingo mwembamba unaokizunguka kito. Mwombe muuzaji akuoneshe kwa lenzi. Namba ikifanana na ya ripoti, hapo ripoti ni ya kito hicho, si ya kingine.

Soma pia sehemu ya maelezo ya ziada. Huko ndiko huandikwa kama kito kimetobolewa kwa leza ili kuondoa weusi, au kama kimebadilishwa rangi kwa joto na mgandamizo. Nyufa zilizojazwa kitu mfano wa kioo ni hatari zaidi, kwa kuwa ujazo huo huweza kuharibika fundi anapotumia moto kurekebisha pete. Uboreshaji wa namna hii si kosa kwa wenyewe. Kosa ni kuuficha na kutoza bei ya kito ambacho hakikuguswa.

Kwa vito vidogo sana, gharama ya ripoti inaweza kuwa kubwa isivyolingana na bei yake. Hapo badala ya ripoti dai maelezo kamili kwenye risiti, na ukiwa na shaka mpelekee mtaalamu wa jemolojia, taaluma inayofundishwa hapa nchini katika Kituo cha Jemolojia Tanzania kilichoko Arusha.

Almasi ya maabara na vito vinavyofanana na almasi

Almasi iliyokuzwa maabara si bandia. Ni kaboni ileile, yenye ugumu uleule wa 10 katika kipimo cha Mohs na mng'aro uleule, ila imetengenezwa kwa wiki kadhaa katika mtambo badala ya kuzaliwa ardhini. Bei yake ni ya chini sana ikilinganishwa na ya asili, na imeshuka mno katika miaka ya karibuni. Kwa mwenye bajeti ndogo anayejali mwonekano, ni chaguo halali kabisa. Masharti ni mawili. Kwanza, ijulikane na iandikwe hivyo: neno "almasi" likisimama peke yake humaanisha ya asili, na hivyo ndivyo kiwango cha kimataifa cha ISO 18323 kinavyoelekeza. Pili, ilipwe bei ya maabara. Usitarajie kuiuza tena kwa kiasi cha maana.

Kundi jingine ni vito vinavyofanana na almasi bila kuwa almasi. Vilivyo maarufu ni zirkonia na moisanaiti. Zirkonia ni laini zaidi na hupoteza mng'aro kwa mikwaruzo ya matumizi ya kila siku. Moisanaiti ni ngumu, kwa kipimo cha 9.25, na hudumu vizuri. Mtu anaweza kuvichagua kwa hiari na akaridhika. Hasara hutokea pale anapolipia almasi na kupewa kimojawapo cha hivi.

Hapa tunatoa tahadhari maalumu kuhusu kifaa kidogo cha kupimia almasi kinachotumiwa madukani, kinacholia au kuwasha taa kikigusa kito. Vingi vya vifaa hivyo hupima jinsi kito kinavyopitisha joto. Vitaikataa zirkonia, lakini vitaipitisha moisanaiti kana kwamba ni almasi, na haviwezi kutenganisha almasi ya asili na ya maabara. Kwa hiyo mlio wa kifaa si uthibitisho wa kutosha. Majaribio ya nyumbani, kama kupulizia pumzi au kukitia kito ndani ya maji, hayathibitishi kitu, na kukwaruza kioo kunaweza kuharibu kito chenyewe.

Almasi ya bei ya mgodini

Kwa kuwa nchi yetu inachimba almasi, baadhi ya wanunuzi huamini kwamba njia nafuu ni kumpata mtu wa Shinyanga mwenye jiwe ghafi. Tunashauri kwa msisitizo kuachana na njia hiyo. Biashara ya madini ghafi inahitaji leseni chini ya Sheria ya Madini, na tangu mwaka 2019 serikali imeanzisha masoko rasmi ya madini kwa ajili hiyo. Anayenunua mtaani bila leseni anajiweka upande mbaya wa sheria, na akitapeliwa atapata shida kulalamika. Hata jiwe likiwa la kweli, kama tulivyoona, uchongaji unaweza kula zaidi ya nusu ya uzito, na hakuna anayeweza kukuhakikishia kwa macho kilichobaki ndani. Unafuu unaoonekana hapo haupo.

Madini ya pete na kazi ya sonara

Kito kizuri katika pete dhaifu ni kito kilichokwisha kuanza kupotea. Dhahabu safi ni ya karati 24, nayo ni laini mno kushika almasi. Karati 18 ina dhahabu sehemu 750 kwa 1,000, karati 14 ina sehemu 585, na karati 9 ina sehemu 375. Kwa pete inayovaliwa kila siku, karati 14 au 18 huunganisha uimara na thamani. Angalia muhuri wa namba hizo ndani ya pete, na dhahabu inapopimwa mbele yako, hakikisha mizani ina alama ya uhakiki ya Wakala wa Vipimo.

Angalia kucha zinazoshika kito. Kucha nne humwonesha mtazamaji sehemu kubwa ya kito, na kucha sita hutoa usalama zaidi moja ikivunjika. Pete ya dhahabu wazi yenye kito kimoja kwa kawaida hugharimu kidogo kuliko iliyopambwa, na inaruhusu fedha zaidi iende kwenye mchongo. Ukimwachia sonara almasi yako ili aivike peteni, andikishianeni kwanza uzito, vipimo na namba ya ripoti, kisha uhakiki namba hiyo kwa lenzi utakapoichukua.

Haki zako na kumbukumbu zako

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Katika ununuzi wa almasi, daftari ni risiti. Neno tupu "pete moja" halikulindi. Dai risiti ya kielektroniki, pamoja na ankara inayotaja: almasi ya asili au ya maabara, uzito, rangi, usafi, mchongo, vipimo kwa milimita, uboreshaji wowote uliofanyika, namba ya ripoti, aina na karati ya dhahabu pamoja na uzito wake, na masharti ya kurudisha. Ukilipa kwa awamu, kila awamu iwe na risiti yake, na bei ya mwisho iandikwe tangu siku ya kwanza.

Kwa Tanzania Bara, Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza mfanyabiashara kumpotosha mlaji kuhusu aina, ubora au asili ya bidhaa, na Tume ya Ushindani imepewa jukumu la kuisimamia. Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 214, nayo inataka bidhaa iliyouzwa kwa maelezo ilingane na maelezo hayo. Angalia uzito wa maneno haya: sheria inalinganisha bidhaa na maelezo. Pasipo maelezo ya maandishi, mlaji mwenye haki anaweza kushindwa kuionesha haki yake. Ukigundua tofauti, usikipeleke kito kwa fundi mwingine wala kubadilisha pete. Rudi kwa muuzaji mapema, ukiwa na risiti, ueleze tatizo kwa maandishi na ubaki na nakala. Asipokusikiliza, ndipo uwasilishe malalamiko.

Maswali ya kuuliza kabla ya kulipa

1. Je, almasi hii ni ya asili au ya maabara, na utaiandika hivyo kwenye ankara?
2. Ripoti yake imetolewa na maabara gani, na namba yake iko wapi kwenye kito?
3. Mchongo wake ni wa daraja gani?
4. Kipenyo chake ni milimita ngapi?
5. Uzito uliotaja ni wa kito kimoja au wa jumla?
6. Je, kimeboreshwa kwa njia yoyote?
7. Bei ya kito, ya dhahabu na ya ufundi ni kiasi gani, kila moja peke yake?
8. Nikirudi ndani ya muda fulani, masharti ni yapi, na yameandikwa wapi?

Muuzaji mwaminifu hatakereka kwa maswali haya, kwa kuwa majibu yake ndiyo yanayomtofautisha na asiye mwaminifu. Anayekereka, au anayekuambia kwamba bei ni ya leo tu, amekupa jibu la kutosha. Ondoka, ulale juu ya uamuzi wako, utembelee maduka mengine mawili, na ulinganishe kwa kutumia orodha hii. Pete itavaliwa kwa miaka mingi, na siku chache za kulinganisha hazitaichelewesha ndoa. Lakini akiba iliyopotea kwa haraka ya mchana mmoja inaweza kuchukua muda mrefu kurudi, na watakaoirudisha ni wawili.